Mwaka wa Kidonda Kisichouma

Odeti amezikwa Ariwara juzi, upande wa pili wa mpaka, Kongo, nami leo nimerudi kazini kwa sababu vidonda havijui kungoja msiba uishe. Nina chumba kimoja hapa Arua, chumba cha kufungia vidonda, chenye benchi mbili nje na dirisha lisilofungika vizuri. Asubuhi nzima nimeosha na kufunga: mkono wa fundi wa kuchomelea vyuma, kisigino cha mzee mwenye sukari, paja la mama aliyeumwa na mbwa. Kila niliyemgusa nilimuuliza, "Iko nauma?" na kila aliyekunja uso na kusema ndiyo, nilishukuru moyoni. Watu hudhani nina roho mbaya. Dada yake Odeti, Mama Dorika, ndiye aliyenipigia simu. Alisema ni presha, Odeti alianguka akipika na hakuamka tena. Sikuuliza zaidi. Nimechoka kuuliza watu walikuwa wanakunywa nini. Nilikwenda, nikaketi chini pamoja na wanawake wengine, nikala nilichopewa, nikarudi. Wenzangu wa kazini wanataka kujua marehemu alikuwa nani wangu, na jibu fupi sina. Hakuwa ndugu. Tulikaa chumba kimoja Koboko, mwaka mmoja na kidogo, nilipokuwa msichana wa kusuka nywele sokoni, na sehemu kubwa ya mwaka huo tulikuwa watatu: mimi, yeye, na mguu wake.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mabati. Jua likiwaka, mabati yale yaliyopangwa nje yaliturudishia joto lote, na ukuta wetu ulikuwa wa moto hadi magharibi. Upande mmoja kulikuwa na kitanda cha Odeti, upande wa pili mkeka wangu, na katikati zilipangwa katoni za bidhaa zake hadi kifuani. Aliuza krimu za kung'arisha ngozi na vidonge vidogo vya kunona. Vilitoka Kongo kama alivyotoka yeye, na sokoni havikukaa. Tangazo la biashara lilikuwa mwili wake mwenyewe. Alikuwa mweupe wa manjano, mashavu ya mviringo, shingo yenye mikunjo, na kiti cha plastiki alichokalia kilikuwa kimepinda miguu. Wateja walimtazama yeye kwanza, mikebe baadaye. "Angalia mimi," aliwaambia. "Mimi nilikuwa kama wewe. Mweusi, mifupa tupu. Sasa angalia." Kila asubuhi alimeza vidonge vyake kwa chai ya maziwa, na kila jioni alijipaka krimu toka usoni hadi vidole vya miguu, huku akiniuliza nani kasukwa leo na kasema nini. Nilimwita yaya, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa. Alipika sombe, yaani kisamvu, na makayabu, samaki wao wa chumvi, na kipande kikubwa kila mara kilikuwa changu. "Keji, wewe iko nyembamba sana," alikuwa akinitania. "Siku moja upepo ya Koboko itakubeba, mimi nitaambia mama yako nini?" Nilimpenda. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akafikiri nasimulia habari za mjinga. Alikuwa mwerevu kuliko sisi wote pale sokoni, na hakuna aliyenilisha kama yeye tangu nitoke kwetu.

Aliungua kwa ekzosi ya bodaboda. Ni jambo dogo kabisa. Nusu ya wanawake wa Koboko wana alama hiyo kwenye shavu la mguu wa kulia, na wengine huiona kama cheti cha kuishi mjini. Alishuka upande mbaya, ameshika katoni kwa mikono miwili, haoni anapokanyaga, mguu ukagusa bomba. Pakatokea lengelenge, likapasuka. Alifanya ambalo kila mtu angefanya: alifungua vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, akamwaga unga wake juu ya kidonda hadi kikawa cha njano. Halafu akafanya ambalo wauza krimu peke yao ndio wangefanya. Kidonda kikipona kwa mtu anayejing'arisha huacha baka jeusi, na baka jeusi kwenye mguu wa muuza krimu ni hasara, basi yeye akajipaka krimu yake kali kuzunguka kidonda, asubuhi na jioni, ili ngozi mpya itoke nyeupe. Nilimwona akifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, ncha ya kidole, ulimi nje kidogo, kama mwanafunzi anayechora ramani. Na vidonge vya kunona hakuacha, kwa nini aache? Mgonjwa anatakiwa kula, na vile vilimpa hamu ya kula.

Kidonda kile kilikuwa na adabu ya ajabu. Hakikuvimba. Hakikupata moto. Hakikutoa usaha, na inzi walikipuuza. Wanawake wa sokoni walikuja kukitazama wakikisifu, wakisema Odeti ana damu nzuri, na mmoja wao aliyewahi kuuguza jipu la mumewe alisema hajaona kidonda kisafi namna hiyo. Odeti aliinua kitenge chake akakionyesha kwa wateja. Alikuwa akikibonyeza kwa kidole mbele yao. "Unaona? Hapana uma. Kabisa." Kilichokuwa kikitokea ni kwamba kilikuwa kinapanuka. Kingo zake zilikuwa laini na nyembamba kama karatasi iliyolowa, na katikati palikuwa pa kijivu, rangi ya ugali uliolala. Lakini mtu anayekula vizuri, anayecheka, asiye na homa, unamwambia nini? Tulipokuja kuona amebadilika haikuwa kwa sababu ya mguu. Alianza kunywa maji bila kushiba. Kisha siku moja ya soko nilimkuta ameketi pale pale mezani, jasho la baridi linamtiririka, akaniita Dorika, jina la binti wa dada yake. Nilimwambia mimi ni Keji. Akaniambia, "Dorika, funga mlango, watu wengi sana," na hapakuwa na mlango. Kwenye kituo cha afya walifunua mguu, wakanusa, wakatazamana, na jioni ile ile tulikuwa Arua.

Arua haikuwa jiji wakati ule. Mimi niliijua kwa mbali tu, na kwa miezi iliyofuata nilichokijua zaidi kilikuwa wodi moja ya wanawake na uwanja wa nyuma ambako sisi wauguza wagonjwa tulipika. Hapa kwetu mgonjwa hulazwa na mtu wake. Odeti hakuwa na ndugu upande huu wa mpaka, na mlangoni walipouliza nani atakaa naye, alininyooshea kidole akasema, "Huyu, mdogo yangu." Basi nikawa mdogo wake. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, nikasikia kila springi ikilia akijigeuza. Nilichemsha bandeji na kuzianika kwenye nyasi. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Sudani Kusini aliyemuuguza binti yake. Hatukuwa na lugha moja kamili, lakini tuligawana makaa na chumvi, na alinifundisha kusonga bila kuunguza chini. Chakula kilikuwa posho, kama ugali unavyoitwa huku, na maharage, posho na osubi ya majani ya kunde, posho. Hadi leo harufu ya maharage yanayochelewa kuiva hunirudisha kwenye uchovu ule, uchovu wa mtu ambaye haugui lakini hana ruhusa ya kwenda nyumbani.

Msimamizi wa wodi aliitwa Sista Maturu, mwanamke wa Dadamu, mrefu, mkali kwa wauguza wagonjwa na mpole kwa wagonjwa. Alimuuliza Odeti siku ya kwanza, "Unakunywa dawa gani nyumbani?" Odeti akajibu, "Hapana dawa, sista. Mimi mutu mzima." Hakuwa anadanganya. Kwake dawa ni kitu anachomeza mgonjwa, na vile vidonge vidogo alivimeza alipokuwa mzima, basi vingewezaje kuwa dawa? Daktari wa upasuaji alikifungua kidonda, na chini ya ule utulivu wote walikuta nyama imeoza hadi kwenye msuli, bakteria wamejaa, na mwili haujafanya lolote. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na beseni. Nilimsikia akimwambia Sista kwamba watasafisha, watampa sindano, na kama hakuna mabadiliko watakata juu ya goti kabla sumu haijapanda. Sista alikaa akimtazama Odeti kwa muda. Sukari iko juu, uso umevimba, kidonda kimeoza, na homa hakuna. "Mwili ya huyu," alisema, zaidi kwa nafsi yake, "hapana jua kama iko na kidonda."

Aliyetoa siri, bila kujua ni siri, alikuwa Mama Dorika. Alivuka mpaka na kapu la muhogo, vitunguu na samaki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, akabusu paji la uso la mdogo wake, akapiga kelele kwamba amekonda. Kisha akatoa kwenye kapu kifuko cha plastiki. "Nimekuletea vitamini yako, ndiyo maana unakonda." Sista Maturu alikuwa kitanda cha pili. Alikuja, akakichukua kifuko, akasoma maandishi nyuma ya karatasi ya vidonge, akakaa kitandani kwa Odeti, jambo ambalo alitukataza sote kulifanya. Akauliza tangu lini. Odeti akasema tangu zamani. Akauliza na krimu je. Odeti akamtajia krimu. Nilitegemea matusi. Sista alikuwa amechoka mno kutukana. Alifuta uso kwa kiganja, akamgeukia Mama Dorika kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anang'aka kwamba vitamini haijaua mtu.

"Mama, sikia," alisema. "Kwenu, mutu akikufa, nani nakuja kwanza?"

"Vijana," Mama Dorika akajibu, kwa mashaka.

"Vijana. Wanachimba kaburi, wanapasua kuni, wanabeba maji. Hapana lala, hapana kula muzuri. Kwa mwili pia iko vijana kama hao. Kidonda ikiingia uchafu, wanakuja mbio, wengi, wanafanya kazi mpaka wanakufa palepale. Usaha unaona, ndiyo hao. Halafu wamama wakubwa wanakuja, wanafagia, wanakula ile yote ilioza, wanatuma habari kwa wengine. Mwisho wanakuja wale wa kukumbuka. Unajua wale? Nani alileta nini, nani alifanya ubaya. Siku ingine adui akirudi, wanamujua kwa sura." Aliinua kile kifuko. "Sasa hii inafanya nini? Inapita nyumba kwa nyumba, inasema: hakuna msiba, kaeni kwenu. Maiti iko kwa nyumba inaoza, na majirani wote wanalala. Ndiyo maana kidonda hapana vimba. Ndiyo maana hapana uma."

Nimesoma tangu siku ile. Nilikaa darasani, nikajifunza kwamba mishipa midogo ya damu karibu na jeraha hutanuka na kuvuja, ndiyo ule uvimbe na ule moto. Kwamba chembe nyeupe hunata kwenye ukuta wa mshipa, zikajipenyeza nje na kufuata harufu ya bakteria. Kwamba nyingine, zikishindwa kuwameza, hupasuka na kutandaza nyuzi za ndani yake ziwe wavu wa kuwanasia. Nilijifunza kwamba dawa zile, zikitolewa kwa sababu na kwa kipimo, huokoa watu wenye pumu na wenye magonjwa ambayo mwili unajishambulia wenyewe. Vitabu hupenda sana kuzungumzia askari. Huku kwetu neno askari halimpi mtu usingizi, na Sista Maturu hakulitumia hata mara moja. Mimi pia silitumii. Nawaeleza wagonjwa habari za matanga, mwaka hadi mwaka, na nina hakika robo yao wakitoka mlangoni wanakwenda kununua kifuko.

Vidonge havikuachishwa kwa mkupuo. Sista alisema mwili uliozoea kuletewa kitu hicho kutoka nje husahau kukitengeneza, ukiunyima ghafla utaanguka. Basi wakawa wanavipunguza kidogo kidogo, wakimpa wao wenyewe kwa mikono yao. Hapo ndipo nilipoona kilichomtisha Odeti. Kisu hakikumtisha. Alijitazama kwenye kioo changu cha kusukia, akavuta ngozi ya shavu iliyoanza kulegea, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu, "Nikikonda, nani atanunua kwangu?" Nikamuuliza wakikata mguu itakuwaje. Akanitazama kama mtoto asiyeelewa biashara. "Mutu ya muguu moja anaweza kukaa kwa meza, Keji. Mimi nakaa siku yote, nani ataangalia chini? Lakini mutu nyembamba hapana weza kuuza kunona." Ilikuwa kweli. Nilitoka nikaenda kukoroga maharage. Ndivyo mambo yalivyokuwa: alikuwa na mguu wake upande mmoja na riziki yake upande mwingine, na kidonge kile kile kilichompa riziki ndicho kilichokuwa kikiula mguu.

Siku zikaenda. Alikonda. Viungo vilimuuma, alilia bila sababu, akatupa kijiko, akaomba msamaha, akakitupa tena. Krimu ilipokatwa, weusi ulirudi kwa mabaka, kwanza juu ya vidole vya mikono, kisha kuzunguka macho. Walimpeleka chumba cha upasuaji kukwangua nyama iliyooza, akarudi, wakampeleka tena. Kidonda kilibaki kijivu. Sista alipokuwa akikifungua alikuwa akinishika bega na kuniambia, "Tazama. Usitazame uso yake, tazama hapa," na mimi nikatazama, siku baada ya siku, nyama iliyokaa kimya. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kutamani kuona usaha. Daktari alipita akatikisa kichwa, akasema tungoje kidogo tu.

Kisha, alasiri moja nilipokuwa nikimkunjia shuka, mguu ulikuwa na joto. Nilidhani ni jua la dirishani. Nikaushika juu na chini, nao ulikuwa wa moto peke yake, umevimba toka kifundo hadi goti, mwekundu unaong'aa, na nilipogusa ukingo wa bandeji Odeti alipiga yowe lililomwamsha binti wa Sudani. Homa ikapanda. Bandeji ilipofunguliwa usaha mzito wa njano ulikuwa umejaa hadi kwenye pamba. Sista Maturu alifika akikimbia, akainama, akaangalia, na nikamwona anatabasamu, meno yote. "Wamekuja," alisema. "Asante Mungu, wamekuja." Walimtoboa, wakauacha usaha utoke, wakaongeza sindano, wakasema tusubiri.

Bahati mbaya ni siku hiyo hiyo Mama Dorika alirudi. Aliingia na kapu lake, akamkuta mdogo wake mwembamba, mweusi kwa mabaka, anatetemeka, mguu kama gogo, na wodi inanuka. Jamani, alilia! Alilia kwa haki. "Alikuja hapa na kidonda safi!" alipiga kelele. "Safi! Hapana usaha, hapana homa! Mumemuharibu! Mumemunyima vitamini, sasa angalia! Munataka kumukata ndiyo munamuharibu kwanza!" Alikuwa amekodi gari, lilikuwa nje linangoja, na ndani ya fundo la kitenge chake alikuwa na vidonge. Alivitoa akaviweka kwenye kiganja cha Odeti, akakifunga kwa vidole vyake. "Meza. Leo jioni uvimbe itaisha, unajua wewe mwenyewe. Tunaenda nyumbani." Na hakudanganya. Angemeza, uvimbe ungeshuka, maumivu yangekwisha, angelala vizuri usiku wake wa kwanza. Sista alisema hawezi kumfunga mtu kamba, mgonjwa mwenyewe aamue, ila akivuka na mguu ule na vidonge vile hatarudi. Alisema mara moja tu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda. Niliogopa, kwa sababu nilimjua yaya wangu na nilijua hesabu yake.

Odeti alifumbua macho akamwita Sista. Midomo yake ilikuwa imekauka, nikamlowesha.

"Vijana wamekuja?" aliuliza.

"Wamekuja."

"Wengi?"

"Wengi sana, mama. Unaona wewe mwenyewe."

Dada yake alikuwa akimvuta mkono. Odeti akafungua kiganja, akavirudisha vidonge kwenye kitenge cha dada yake, taratibu, bila hasira.

"Yaya, mutu akikuja kwa msiba yako, unamufukuza?" alisema. "Hapana. Unamupikia. Keji, leta ile posho."

Alikula. Alikula akilia, mguu umeinuliwa juu ya mto, mimi nikimkatia matonge, na Mama Dorika aliketi chini ukutani amejifunika uso. Baadaye kidogo Mama Dorika akasimama, akatoka kumwambia dereva aende zake, akarudi na kuni. Nimeona mambo mengi wodini tangu siku ile, lakini sijaona tena mtu akila posho kwa ushujaa namna ile.

Uponyaji wenyewe hauna hadithi. Ulichukua muda mrefu na ulichosha kila mtu. Usaha ulipungua, ukawa mwembamba, ukaisha. Chini yake ikatokea nyama nyekundu yenye vipele vidogo, inayotoka damu ukiigusa, na Sista akanifundisha kwamba hiyo ndiyo rangi ya kutafuta maisha yangu yote. Walichukua ngozi pajani wakaibandika, ikashika. Siku za mwisho mimi ndiye niliyemfunga, Sista akiwa amesimama nyuma yangu bila kunisahihisha, na hapo ndipo niliposhikwa na wazo la kazi hii. Tulirudi Koboko Odeti akitembea na fimbo. Mabati yalikuwa pale pale, chumba kilikuwa na panya, katoni zilikuwa salama.

Akafungua meza. Wateja walikuja, wakamtazama mwanamke mwembamba mwenye mabaka, wakatazama mikebe, wakapita. Mmoja alimuuliza kwa heshima mwenye biashara yuko wapi. Jioni alinisimulia hilo akicheka hadi machozi, na mimi nikacheka, kwa sababu sikuona uso wake vizuri. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia habari za chuo. Nilidhani yeye naye alikuwa anafikiria kuuza vitenge, au chumvi, au chochote.

Alasiri moja aliniita nikiwa bado na nywele za mteja mikononi. Alikuwa ameagiza chai ya maziwa na mandazi kwa ajili yangu, na amenifutia kiti cha plastiki, kile kilichopinda, akakiweka mbele ya meza. Yeye alikaa kwenye katoni, nyuma. Alinishika mikono yote miwili. "Keji," alisema, "wewe uliosha usaha yangu na hii mikono. Mama yangu mwenyewe angeshindwa. Mimi nalala nafikiri, nitamupa huyu mutoto nini?" Macho yake yalikuwa na machozi, na hayakuwa ya mchezo. Kisha akaachia mikono yangu, akapanga mbele yangu mkebe wa krimu, mzuri, wa bei, na karatasi mpya ya vidonge. "Sasa utakaa hapa mbele. Meza iko yako na yangu, nusu nusu. Anza na kidonge kimoja asubuhi, na chai. Wewe iko kijana, ngozi itashika haraka. Miezi kidogo tu, watu wote watasimama." Alinitazama mashavu, shingo, mikono, akiniona jinsi nitakavyokuwa, na uso wake ulijaa mapenzi. Alikuwa ananipa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo. Hilo ndilo lililonichosha siku ile, na linanichosha leo nikiwa na udongo wa Ariwara kwenye viatu.

"Yaya," nilimwambia, "na mguu je?"

Alinishangaa. Akaunyoosha mguu ule kwenye jua, akapandisha kitenge, akalipiga kovu makofi mawili kwa fahari.

"Muguu gani?" alisema. "Muguu ilishapona."